Trei za Mchana Mwezi wa Mfungo

Kabla ya kujibu kama atafunga, Nini Arbayah, yaani Bibi Arbayah kwa Kibanjar, alitazama kwanza kitanda cha jirani. Masnah, msichana wa jikoni aliyetumwa kuuliza, aliliona hilo, na hakuna mwingine aliyeliona. Macho ya kikongwe yalikwenda kushoto, yakatua kidogo kwenye mtandio mweupe wa Hajah Raudah, kisha yakarudi. Ndipo akasema, "Nafunga, mwanangu. Nimeanza kufunga kabla sijaota meno ya pili."

Wodi nzima ikacheka, maana sasa hata hayo ya pili hayakuwepo tena.

Masnah akatia alama ya mfungo kwenye karatasi yake, lakini kalamu ilisita mkononi. Nini Arbayah alikuwa mgonjwa wa sukari. Kila asubuhi alidungwa sindano, na kila baada ya sindano Masnah ndiye aliyemletea uji wa wali. Alitaka kuinama na kumuuliza tena polepole, sikioni, kama alivyokuwa amekusudia kuwauliza wote. Lakini mambo yalikuwa yameharibika tangu kitanda cha kwanza. Alipomwinamia Hajah Raudah, aliyevunjika mguu, yule mama alimwambia mbele ya watu, "Sema kwa sauti, binti. Unaniuliza habari ya swaumu au unaniuzia magendo?" Watu wakacheka, Masnah akasikia masikio yakimwaka moto, na tangu hapo akawa anauliza kwa sauti, kitanda baada ya kitanda, huku wakwe na wajukuu na majirani waliokuja kutazama wagonjwa wamekaa kwenye mikeka wanasikiliza.

Ilikuwa jioni ya kuamkia Ramadhani, saa ya kutazama wagonjwa, na mji wa Banjarmasin ulikuwa na shughuli zake zote za siku hiyo. Wanawake wote wa wodi ile walisema wanafunga. Aliyesema hafungi alikuwa mmoja tu, Mama Rangkan, Mdayaki wa huko juu ya mto, aendaye kanisani.

"Mimi niletee wali wangu," alisema, "na samaki, na kichwa chake kisibaki jikoni kwenu."

"Heri yako, Mama Rangkan," akasema Hajah Raudah. "Sisi wenzio tutanusa tu."

"Nuseni taratibu, msije mkamaliza utamu wote."

Masnah akaenda zake. Mlangoni aligeuka, akamwona Nini Arbayah amelala ubavu, uso umeelekea ukutani.

Jikoni walikuwa wanamngoja. Bu Maulida, yaani Mama Maulida, mkuu wa idara ya chakula, alichukua karatasi kutoka kwa kila aliyetumwa wodini, akajumlisha huku amesimama, bila hata kuvua miwani ya kusomea. Alikuwa mama mwembamba, mpole, asiyejua kufoka, na kwa wiki nyingi usingizi ulikuwa umempita pembeni. Kila mtu pale jikoni alijua sababu.

Ramadhani iliyopita trei za mchana zilirudi zimejaa. Wali, mchuzi, samaki wa haruan ambaye hospitali humnunua kwa ajili ya waliopasuliwa ili vidonda vyao vifunge haraka, vyote vilimwagwa kwenye ndoo, na ndoo zikaenda kwa wafuga bata. Mkurugenzi aliziona. Baada ya hapo wakaja watu wa kampuni moja ya chakula kutoka Surabaya, wakapima majiko na kuhesabu masufuria, wakaondoka bila kumwamkia mtu. Ndipo Bu Maulida akakaa na kuandika mpango wa mwaka unaokuja. Moyo wa mpango wenyewe ulikuwa mwezi huu: wagonjwa waulizwe, wanaofunga wapelekewe daku na futari, mchana wapikiwe wanaokula tu. Ndoo zikipungua, mkurugenzi atautia saini mpango na jiko litabaki na watu wake. Zisipopungua, kampuni itakuja na wapishi wake, na hakuna aliyeambiwa wa zamani watakwenda wapi.

"Karibu wote wanafunga," alisema Bu Maulida, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatabasamu. "Hata sikutegemea."

"Kumbe hospitali yetu imejaa mawalii," akasema Acil Saudah, mpishi mkuu, mwanamke mnene ambaye wadogo wote pale walimwita Acil, yaani shangazi. "Na sisi tulidhani ni wagonjwa."

Wakacheka. Masnah alisimama karibu na beseni la kuoshea mboga.

"Bu," alisema.

"Ndiyo, Ding?" Bu Maulida aliwaita hivyo wasichana wote wa jikoni, kama wadogo zake wa tumbo moja.

Masnah alizitazama zile karatasi mkononi mwa Bu Maulida, akautazama uso wake uliotabasamu. Atasema nini? Kwamba bibi mmoja alimtazama jirani yake? Yeye aliyeishia darasa la nne, atasema karatasi inasema hivi lakini jicho lilisema vile?

"Hakuna kitu, Bu."

"Haya. Na sisi wenyewe? Nani atahitaji chakula cha mchana? Semeni tu, msione haya. Mpango ni wetu sote."

Kila mtu akatazama sufuria iliyokuwa mbele yake. Hakuna aliyenyoosha mkono. Masnah naye hakunyoosha, ingawa yeye alikuwa hafungi.

Hakuwa amefunga tangu utotoni. Aliwahi kuanguka darasani, akatoa povu, akajikojolea, na alipozinduka wenzake walikuwa wamesimama juu ya madawati wakimwogopa. Hakurudi shule tena. Daktari wa zahanati alimpa vidonge vya kumeza asubuhi na mchana, kila mara na chakula, akamkataza kukaa na njaa. Mama yake akamkataza kusema. "Nani atamweka mtu wa kifafa karibu na moto?" alimwambia siku alipopata kazi. "Meza dawa yako, funga mdomo wako." Masnah akafanya hivyo, na vidonge vilimtunza. Lakini Ramadhani ilikuwa mwezi wa kujificha kama mwizi.

Asubuhi ya mfungo wa kwanza, toroli lake lilikuwa jepesi hata likawa linamkimbia mkononi. Kwa wodi ile ya wanawake lilibeba trei moja tu. Alipoingia, nesi wa zamu ya usiku alikuwa anakusanya vitu vyake aende nyumbani, na kwenye sahani yake ya chuma kulikuwa na sindano zilizokwisha kutumika. Nini Arbayah alikuwa anashusha mkono wa gauni.

Basi alikuwa amedungwa.

Masnah alimwekea Mama Rangkan uji wake. Angeweza kumwambia nesi. Lakini nesi alikwisha kufika mlangoni, anapiga miayo, na wa zamu ya asubuhi hakuwa amefika. Nini Arbayah alifumbua macho, akalitazama toroli tupu, akayafumba tena. Midomo yake ilikuwa inacheza kwa dua, au labda si dua. Hajah Raudah alikuwa macho, tasbihi mkononi.

"Nini, hujambo?" Masnah aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijambo, mwanangu. Nenda ukafanye kazi zako."

Akaenda. Asubuhi yote aliosha masufuria ya daku akiwa na hofu. Akijiambia kwamba manesi wanajua kazi yao, hofu inatulia kidogo. Akikumbuka toroli tupu, inaamka. Mara mbili alijifuta mikono ili apande ngazi, na mara mbili akamwona Bu Maulida akichungulia ndoo za mabaki zilizokuwa karibu tupu, akizitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyepona homa. Akarudi kwenye masufuria.

Adhuhuri ilipofika alitoka kama kawaida, akavuka daraja dogo mpaka kwenye kibanda cha Acil Imur. Mwezi wa Ramadhani vibanda vya namna hiyo huteremshwa pazia mpaka magotini, na watu wa Banjar huviita sakadup. Nje huonekana miguu tu na kandambili. Ndani watu hula wameelekea ukutani, hawaamkiani, na akitoka mtu huwa hakumwona mtu. Masnah aliinama, akaingia, akapewa sahani yake. Alimeza kidonge kwa tonge la kwanza.

Pembeni yake mwanamume alikohoa, mchuzi ukampalia. Walitazamana kabla hawajaweza kuyazuia macho. Alikuwa Amang Syahdan, yaani mjomba Syahdan, fundi baiskeli, mtoto mkubwa wa Nini Arbayah, ambaye juzi jioni alikaa kwenye mkeka chini ya kitanda cha mama yake.

"Mimi hujaniona," alisema haraka.

"Sijakuona, Amang."

"Vidonda vya tumbo hivi, Ding. Mke wangu mwenyewe hajui." Alifuta jasho, akacheka kicheko cha aibu. "Nyumba yetu ni ya wasanii. Mama naye hivyo hivyo. Akishadungwa sindano yake hawezi kukaa na njaa. Mwaka juzi alijaribu, tukamkuta kwenye sakafu ya jikoni amekuwa baridi, kakaza taya, ikabidi tumpake sukari kwenye ufizi. Tangu siku ile Ramadhani anaingia jikoni, anafunga mlango, anakula. Sisi sote tunajua na sote tunapita na hamsini zetu. Hatumuulizi."

Masnah aliacha kula.

"Mwaka huu nina raha," Amang Syahdan akaendelea, akimega samaki. "Hospitalini si mnampa chakula chake mchana? Pale hana haja ya kujificha."

"Naam, Amang," Masnah alisema.

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Lilitoka lenyewe, kama linavyomtoka mtu aliyezoea kukubali. Aliweka sahani chini, akapita chini ya pazia, na alipofika darajani alikuwa anakimbia.

Jikoni hapakuwa na uji. Palipikwa kwa idadi, na sufuria ya mchana ilikuwa imekwisha kuoshwa na kupinduliwa.

"Unatafuta nini kama kuku aliyepoteza vifaranga?" Acil Saudah akamuuliza.

"Uji, Acil. Kidogo tu."

"Uji wa nani? Wote wanaokula wamekula." Kisha akauona uso wake. "Wewe una nini? Una homa?"

"Kuna bibi wa sukari juu. Amedungwa, hajala."

Acil Saudah aliacha mwiko. Hakuuliza bibi yupi wala nani kasema. Alivuta kopo la sukari, akamimina kwenye glasi ya maji ya vuguvugu bila kupima, akakoroga. "Bu Maulida yuko na mkurugenzi, anamwonyesha ndoo," alisema akimpa glasi. "Watapanda wodini sasa hivi. Ding, kama umekosea, umetutia sote matatani. Kama hujakosea, kimbia."

Masnah alipanda ngazi huku kiganja kimefunika glasi.

Wodi ilikuwa kimya, watu wamesinzia kwa joto na mfungo. Nini Arbayah alikuwa amelala chali, macho wazi. Kanga yake ililowa jasho kifuani, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Masnah alimshika mkono, akaukuta baridi kama samaki wa kwenye barafu.

"Nini. Nini Arbayah."

"Galuh," kikongwe akasema kwa ulimi mzito. "Umeshawalisha bata?"

"Mimi si Galuh, Nini. Mimi Masnah wa jikoni."

"Wafungie. Maji yanapanda."

Masnah aliita nesi. Sauti ilitoka ndogo. Akaita tena, na mara hii hata yeye mwenyewe alishtuka. Nesi Yuspina akaja mbio, akamtoboa bibi kidole, akatazama kimashine chake, uso ukabadilika.

"Huyu hajala?"

"Hajala tangu daku."

"Na kadungwa," nesi akasema, si kwa kuuliza. "Naleta dripu na daktari. Hiyo ni sukari? Kama anameza mwenyewe, mnyweshe kidogo kidogo. Akikaza mdomo usimlazimishe, itaingia mapafuni." Akaondoka akikimbia.

Masnah alimwinua kichwa, akapeleka glasi mdomoni. Midomo ilifunga kama mlango.

"Nimefunga," Nini Arbayah akasema kwa meno yasiyokuwepo.

Sasa wodi yote ilikuwa imeamka. Mama Rangkan aliketi. Hajah Raudah alijiinua kwa viwiko, mguu wake wa plasta umening'inia.

"Kunywa, dada," akasema Hajah Raudah kwa sauti yake ya kuagiza. "Mgonjwa hana lawama. Mungu anakuona."

"Kunywa, Nini," wakasema wengine. "Utalipa siku nyingine. Kunywa."

Kila aliyesema alisema kwa wema, na kila wema ulimfanya kikongwe akaze midomo zaidi. Macho yake, yaliyokuwa yanaelea, yalizunguka kwenye nyuso zote zile zilizomwelekea, na Masnah aliijua ile hofu iliyokuwemo. Aliijua tangu siku aliyofumbua macho sakafuni akaona watoto wamesimama juu ya madawati. Mtu anaweza kufa huku anaona haya. Hata akili ikiondoka, haya inabaki nyuma imekaa mlangoni.

Mkono aliokuwa ameshika ulianza kurukaruka.

Masnah aliweka glasi chini, akashika pazia la kitanda, akalivuta. Lilikwama kwenye reli. Akalivuta kwa nguvu zote likazunguka, nyuso zote zikapotea, wakabaki wawili ndani ya kivuli cha kijani.

"Nini," alimwambia sikioni. "Hakuna mtu. Ni mimi na wewe tu. Angalia."

Akachukua glasi, akanywa funda moja, polepole, ili bibi aone koo likishuka. Utamu ulikuwa mkali hata ukamchoma. Nini Arbayah alimtazama. Alitazama glasi. Alitazama pazia pande zote mbili, kama mtu anayehakikisha komeo la mlango wa jikoni. Kisha akafungua mdomo.

Funda la kwanza lilimwagika nusu kidevuni. La pili akalimeza. Masnah alisubiri, akampa la tatu. Alihesabu pumzi za kikongwe badala ya zake. Glasi ilipofika karibu na mwisho, mkono ule baridi ukatulia ndani ya mkono wake, na macho yakaacha kuelea, yakamshika.

"Wewe si Galuh," Nini Arbayah akasema.

"Mimi si Galuh, Nini."

"Galuh alikufa zamani." Akavuta pumzi. "Nani mwingine yuko hapo nje?"

"Hakuna aliyeona, Nini."

Nesi Yuspina akaingia na dripu, daktari nyuma yake, wakamsogeza Masnah pembeni. Sindano ikaingia, kimashine kikalia tena, na daktari akashusha mabega. "Inapanda," alisema. "Bado kidogo tungempoteza."

Nyayo zikasikika mlangoni, na sauti ya Bu Maulida ikimweleza mtu kwamba katika wodi hii, kwa mfano, wanaokula mchana ni mmoja tu. Kisha sauti ikakatika. Pazia likafunguliwa. Bu Maulida alisimama na karatasi zake, nyuma yake mkurugenzi, na nyuma yao wodi nzima. Alimwona daktari, akaiona dripu, akamwona Masnah na glasi mkononi na sukari imemng'ang'ania midomoni saa saba ya mfungo wa kwanza.

Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alitazama karatasi, akaitazama tena.

"Ding," alisema taratibu. "Hapa ameandikwa anafunga. Ni alama yako. Sasa nani amekuambia kwamba hafungi?"

Masnah alimtazama Nini Arbayah. Kikongwe alikuwa anamtazama yeye, macho makavu, anangoja kuaibishwa. Angeweza kumtaja Amang Syahdan, angeweza kumtaja kikongwe mwenyewe, na mambo yote yangekwisha hapo. Aliona majiko, aliona sura ya mama yake, aliona jinsi Acil Saudah atakavyomsogeza mbali na moto kesho. Akashika chuma cha kitanda.

"Hakuna aliyeniambia, Bu," alisema, na akaendelea kwa sauti ile ile iliyomwita nesi, ili hata Hajah Raudah asikie bila kuomba. "Niliwauliza mbele za watu. Mtu akiulizwa hivyo atasema anafunga. Hata mimi mliponiuliza jikoni nilinyamaza, na mimi sifungi. Nina kifafa, Bu. Nameza dawa kila mchana, nakula kwa Acil Imur nyuma ya pazia, na sijawahi kumwambia mtu."